Kifafa Changu Walikiita Walii

Mliponiacha nilikuwa chali katika ua wa Bi Qaisera, povu mdomoni na kiatu cha mtu puani.

Aliyekosa gazeti la wiki ile asitaabike, nitamvusha upesi. Mimi ni Shamshad, mtaani Shammo, muunga bangili za kioo wa Hyderabad, hii ya Sindh, Pakistan. Nina kifafa tangu usichana wangu. Mume alinirudisha kwetu kwa sababu hiyo, kama mtu anavyorudisha dukani jagi linalovuja. Nikapanga chumba cha juu kwa Bi Qaisera, nikaficha maradhi. Kazini nikaficha pia, maana nani atamkalisha mwenye kifafa mbele ya moto wa kuungia bangili? Nikaungua mkono, nikasema ni mafuta ya kukaangia. Kisha Alhamisi moja, mbele ya wanawake wa mtaa mzima waliokuja kwenye maulidi, nikaanguka juu ya sinia la halua.

Ndipo hapo. Kiatu.

Kwetu mtu akianguka hunusishwa kiatu. Kiwe cha ngozi, kiwe kimevaliwa, na kadiri kinavyonuka ndivyo kinavyosifiwa. Nilipozinduka nilikijua: cha mkwe wa Bi Qaisera, muuza samaki.

"Karudi! Karudi!" wakapiga kelele.

Nikajua chumba kimekwenda. Bi Qaisera aliwahi kumtoa mshona nguo kwa ajili ya kikohozi tu, chai yake ikiwa bado ina moshi kikombeni. Mimi wa kujikojolea uani kwake angenifanya nini?

Nikahisi mtu kanishika miguu. Nikatazama. Bi Qaisera, mwenye nyumba, mama anayesimama kando ya bomba kuhesabu ndoo zako za maji, alikuwa amepiga magoti analia, kipaji chake cha uso juu ya vidole vyangu.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe, Walii wangu. Umekaa juu ya kichwa changu mwaka mzima na mimi sikukujua."

Nilidhani bado sijazinduka sawasawa.

Rubina akaniinamia kama anayenifuta uso. Rubina ni mwenzangu wa kazi, na ndiye mtu pekee mtaani aliyejua siri yangu. Akaninong'oneza kwamba wakati narudi nilikuwa naropoka, "Anakuja, anakuja," kama kawaida yangu ya kuropoka, na papo hapo simu ya Bi Qaisera ikalia. Mwanawe wa Sharjah, ambaye hakupiga tangu Idi.

"Wanasema umepandwa na walii," Rubina akasema. "Sema ni ugonjwa, au nyamaza. Ila usitoe macho kama mbuzi wa machinjioni."

Wallahi sentensi nilikuwa nayo. Ni kifafa, jamani, nina vidonge vyake. Fupi tu, hata mtoto angeisema.

Lakini kwa mume wangu nilikuwa na kikombe changu peke yangu, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, mtu asije akakosea akakinywea. Na pale uani nikamwona mwanamke mmoja akichukua bilauri niliyoinywea maji, akanywa mabaki yangu, akampa na dada yake. Kwa baraka.

Nikafumbua mdomo.

"Nataka chai," nikasema. Nilikuwa nimeuuma ulimi, sauti ikatoka nzito. "Itiwe iliki nyingi."

"Mmesikia sauti hiyo?"

"Ya mwanamume!"

"Ya mwanamume mzee, tena mwenye ndevu!"

"Na iliki! Mawalii wanapenda iliki."

"Kakwambia nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako ndiye anayependa iliki, shoga, usiwasingizie mawalii."

Chai ikaja, ina iliki hadi inawasha koo. Nikainywa yote. Mtu akiniuliza nilianzia wapi uongo wangu, nitamwonesha kile kikombe.

Mwisho wa mwezi nikashuka na kodi yangu mkononi. Bi Qaisera akarudi nyuma kama nimemletea nyoka.

"Kodi? Nimtoze Walii? Shammo, unataka paa liniangukie?"

"Lakini Bi Qaisera, mimi..."

"Wewe nani kakusemesha? Wewe ni kiti tu. Aliyekukalia ndiye mgeni wangu."

Akanihamishia chumba cha chini, chenye feni na kitanda cha miguu ya rangi. Anayejua kiangazi cha kwetu, na dari la chumba cha juu linavyokuwa kama tumbo la tanuri, ataelewa feni ile ilinifanya nini. Simtetei mtu. Nasema tu ilikuwa feni nzuri.

Hata Yamin, anayetugawia kazi ya bangili, akasikia. Akanipa mafungu zaidi. "Kioo kilichoungwa na mkono wa Walii hakipasuki," akawaambia wachuuzi wake, na bei akapandisha, ingawa si yangu.

Kisha Alhamisi. Niwaambieni kweli, kodi peke yake isingenishinda. Mimi ni mtu wa watu. Nikikaa peke yangu nasikia masikio yananilia. Na kila Alhamisi baada ya alasiri ua ule ulijaa wanawake hadi viatu vikawa mlima mlangoni, halua huku, umbea huku. Wiki nzima mimi nasikiliza: kwenye foleni ya maziwa, kwa muuza mboga, juu ya madari, yale mapaa bapa ya kwetu tunapoanika nguo. Nani kagombana na wifi yake, nani kauza herini za dhahabu bila mume kujua. Ikifika Alhamisi, nikianguka kweli katika ule msongamano, nikizinduka Walii anajua yote.

"Kuna mtu hapa masikio yake ni mepesi kuliko mwaka jana," Walii anasema, macho yamefumbwa.

"Ya Allah!" mtu analia nyuma. "Mimi huyo! Msimwambie Hanif!"

Nilikuwa nacheka moyoni. Leo nikikumbuka kicheko hicho nafunika uso na ushungi hata nikiwa peke yangu.

Sasa tazameni Mungu anavyomshika mwongo. Zamani pesa ya vidonge ilikuwa inaliwa na kodi. Nanunua nusu, naruka siku, naanguka. Kodi iliposamehewa, nikapata pesa ya vidonge. Vidonge vilipotimia, kifafa kikalala. Kifafa kilipolala, Walii hakuja.

Alhamisi moja hakuja. Ya pili hakuja. Wanawake wakala halua yao wakaondoka mapema, na Bi Qaisera akabaki anakusanya vikombe kwa kelele.

"Kuna bwana mmoja wa benki," akasema bila kunitazama. "Kaulizia chumba cha chini. Mtu safi, hana watoto."

Nikapanda darini kumtafuta Rubina. Nikamkuta anaanika shuka.

"Nioneshe ninavyoanguka," nikamwambia.

"Unasemaje?"

"Mimi sijawahi kujiona, Rubina. Nakuwa sipo. Wewe umeniona mara nyingi. Nioneshe."

Akaliweka kapu chini, akalala juu ya saruji.

"Kwanza unatoa sauti. Hivi." Akatoa sauti kama mlango wa kabati la zamani. "Halafu mkono wa kushoto. Unaanza kushoto siku zote. Halafu miguu. Macho yanapanda juu. Meno yanasaga. Halafu unajikojolea."

"Hilo tuliache."

"Hilo ndilo watu wanaloliamini."

Akaendelea. Mwanzo nilicheka, maana Rubina ana matako makubwa na yalikuwa yanagonga saruji kama mtu anafua mablanketi. Kisha uso wake ukageuka upande wangu, mdomo umepinda, mate yanashuka shavuni, macho meupe matupu, na kicheko kikanikauka. Ndiyo mimi huyo? Hiyo ndiyo sura aliyoamka nayo mume wangu kitandani? Siku zote nilimlaani kwa kunitazama vile. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilimwonea huruma, na hilo likaniuma kuliko talaka.

"Usilie," Rubina akasema, akijipangusa. "Umeomba mwenyewe. Lakini Alhamisi mimi siji, Shammo. Kukuona unaanguka kweli nimezoea. Kukuona unajiangusha siwezi."

Hakuja kweli.

Alhamisi ile nilijiangusha. Sauti ya kabati, mkono wa kushoto, miguu. Wakapiga vigelegele. Bi Qaisera akafukiza ubani, akakaa kando ya bega langu kama karani wa kadhi, yeye ndiye anayepokea maswali na kunifikishia. Bwana wa benki hakutajwa tena.

Swali la kwanza lilikuwa la ndoa. La pili la ng'ombe. La tatu lilikuwa la Firdous.

Firdous anaunga bangili mtaa wa nyuma yetu. Mume yuko Karachi, yeye anakaa na mama mkwe na binti mmoja, Nazo, darasa la tatu, nywele zimefungwa utepe wa manjano, kidevuni ana kovu. Kovu lile nilijua limetoka wapi. Ninalo kama hilo chini ya nywele.

"Ewe Walii," Firdous akasema. "Mwanangu anaanguka kama kiti chako anavyoanguka. Daktari kampa hivi. Akimeza haanguki, lakini anasinzia darasani, mwalimu anampiga. Mama mkwe wangu anasema ni mgeni wa heri anataka kumkalia, na sisi tunamfukuza kwa dawa. Nimwachishe?"

Nikafungua jicho upana wa uzi. Mkononi mwake palikuwa na karatasi ya vidonge. Vyangu. Jina lile lile, kampuni ile ile, hata pembe ya karatasi aliikunja kama ninavyoikunja mimi.

Ninyi mnaosoma mnapiga kelele, najua: sema! Mwambie Walii wako aseme mtoto ameze! Na mimi nilitaka. Lakini Walii alikuwa hajawahi kumsifia daktari hata siku moja. Wanawake wangetazamana. Kuna mtu angesema, hiyo sauti ya Walii au ya Shammo? Na mtu akishaanza kuuliza hilo, hasimami njiani.

Nikanyamaza. Nilijiambia kunyamaza si kusema. Niliona kimya ni kitu kisicho na mwenyewe.

Bi Qaisera akangoja, akangoja, kisha akainua kidole.

"Bibi harusi akiulizwa kama amekubali, akanyamaza, kadhi anaandika nini?"

"Anaandika ndiyo!" ua mzima ukajibu.

"Basi Walii ameshajibu."

Bado nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na ulimi. Nikasikia karatasi ya vidonge ikiwekwa kwenye sinia mbele yangu, katikati ya peremende, kama sadaka. Nikasikia busu la Firdous juu ya goti langu. Kisha sauti ya mtoto:

"Mama, basi sitasinzia tena darasani?"

"Hutasinzia, mwanangu."

Bi Qaisera alivitupa vile vidonge mtaroni kabla ya magharibi.

Usiku nikatoa vyangu. Nikakiweka kimoja juu ya ulimi, nikakitema. Mtoto wa watu nimemnyima, mimi nimeze? Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Niliona ni toba. Ilikuwa upumbavu uliovaa kanzu ya toba, kwa sababu toba ilikuwa nyumba ya tatu kutoka msikitini, mlango wa kijani, kwa Firdous. Nikaenda hata huko. Nikapokewa kwa chai, nikakalishwa kwenye mto, majirani wakaja kunigusa. Nazo akanionesha daftari lake la hesabu, macho yanang'aa, hasinzii. Nikamsifia. Nikakaa nikapiga soga la harusi ya binti wa muuza mkaa mpaka adhana, nikaaga, nikaondoka na kile kilichonipeleka bado kiko kooni.

Asubuhi moja akaja kunichukua mama mkwe wa Firdous mwenyewe. Aliingia uani kwetu kiatu kimoja mguuni.

"Walii aje! Mgeni kampanda Nazo tangu alfajiri na hashuki! Anapanda, anatulia, anapanda tena!"

Bi Qaisera akainua mikono mbinguni kwa shukrani. Mimi nilikwisha toka mlangoni, sikuvaa hata ushungi vizuri. Mwenye kifafa anajua: kuanguka ni kuanguka, lakini kuanguka juu ya kuanguka bila kuzinduka katikati, hicho ni kitu kingine.

Nilimkuta juu ya mkeka. Midomo imekuwa buluu. Utepe wa manjano umelowa. Moto wa kuungia ulikuwa bado unawaka kwenye meza ya Firdous, bangili zimeachwa midomo wazi, hazijaungwa. Wanawake wamemzunguka, ubani, makofi, dua. Na Firdous, Mungu anisamehe, Firdous alikuwa anatabasamu.

"Shammo! Kaja na kwetu!" akaniambia. "Mwambie sasa apumzike kidogo, mtoto kachoka."

"Mpeleke hospitali."

"Wapi?"

"Hospitali, Firdous, sasa hivi! Hicho ni kifafa. Hakuna walii. Mimi ninacho hicho hicho, nameza vidonge vile vile ulivyoniwekea kwenye sinia!"

Makofi yakasimama. Kisha mama mkwe akacheka, kicheko cha mtu mwenye imani.

"Anatujaribu. Wakubwa hawa hujaribu watu."

"Simjaribu mtu, mama! Mtazame midomo!"

Bi Qaisera akafika anahema, akajishika mlangoni. "Msimsikilize Shammo," akasema. "Shammo ni kiti, kiti kinajua nini? Tumngoje mwenyewe aje aseme."

Ndipo nilipoona shimo nililojichimbia lilivyo refu. Mdomo wangu mwenyewe haukuwa na thamani tena. Aliyekuwa na thamani ni yule ambaye hayupo.

Basi nikamleta.

Nikajitupa chini kando ya mtoto. Sauti ya kabati. Mkono wa kushoto. Miguu. Macho nikayapandisha, meno nikayasaga.

"Kaja! Kaja! Nyamazeni!"

Nikahisi pumzi ya Firdous usoni, ameinama na swali lake. Nikaacha. Hapo hapo katikati, mguu mmoja ukiwa hewani. Nikaushusha, nikaketi, nikafuta mate na ushungi.

"Nimemaliza," nikasema kwa sauti yangu, ile ya kununulia maziwa. "Nianze tena? Mnataka nianzie mkono gani?"

Nikafanya tena, mkono wa kushoto peke yake, huku namtazama Firdous machoni. Nikauzima. Nikauwasha. Nikauzima.

"Nilifundishwa darini, kwenye nguo mbichi. Iliki naipenda mimi. Habari za herini nilizipata kwenye foleni ya maziwa. Na siku ile uliponiuliza habari ya dawa, nilikuwa macho, Firdous. Nilikuwa macho kama hivi."

Kule kwenye mkeka Nazo alikuwa ameanza tena, na huyu hakuwa na pa kuzima. Wanawake walimtazama yeye, wakanitazama mimi. Hapakuwa na haja ya kuwaeleza tofauti.

Nilitazamia Bi Qaisera atanipiga. Ningeshukuru. Alisimama tu pale mlangoni, mama mzima, kidevu kinacheza.

"Nilikushika miguu," akasema. "Mbele za watu, Shammo. Nilikushika miguu."

Firdous alikuwa ameshambeba mtoto. Alinipita kama unavyopita kinyesi njiani, kwa kuinua nguo. Nikamfuata mbio. Alipoingia kwenye bajaji nikajipenyeza, nusu yangu ndani nusu nje. Angenisukuma, ila mikono yake ilikuwa imejaa.

Alisema mara moja tu njiani, bila kugeuka.

"Vile vidonge ulivijua?"

"Nilivijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa ajili ya nini?"

Nikatafuta neno kubwa. Mtu akifanya jambo kama lile, walau sababu iwe kubwa.

"Chumba," nikasema.

"Chumba?"

"Cha chini. Kina feni."

Dereva akapiga honi hadi hospitali.

Wakamchukua Nazo nyuma ya pazia. Tukabaki kwenye korido, mimi na yeye, nafasi ya watu wawili katikati yetu, na watu wamejaa tele lakini nafasi ile hakuna aliyeikalia. Daktari akatoka, binti mdogo tu, mikono ya koti ameikunja.

"Mama wa mtoto nani? Alikuwa anameza dawa gani?"

"Vyeupe," Firdous akasema.

"Mama, vyeupe viko mia. Jina lake? Nguvu yake? Kaacha lini? Nimempa sindano na hajatulia. Nataka kumwongezea nyingine na sitaki kubahatisha."

Firdous hajui kusoma. Akafanya jambo ambalo naamini lilimgharimu kuliko kunipiga: akaninyooshea kidole.

"Muulize huyu. Anavijua. Ndiye aliyemwachisha."

Daktari akanigeukia. "Haya, dada. Haraka."

Nilisimama. Jina lile nalijua kama la mama yangu. Nguvu yake naijua, siku aliyoacha naijua. Kwa mara ya kwanza tangu kile kikombe cha chai, mtu alikuwa ananiuliza mimi, Shammo, wala si mwingine, na jibu lilikuwa la kweli na lilikuwa tayari mdomoni.

Nikasikia harufu ya sukari inaungua.

Kila mwenye maradhi haya ana mlango wake. Mwingine huona mwanga, mwingine husikia baridi miguuni. Wangu ni sukari inayoungua. Na katika korido ile hapakuwa na mtu anayepika sukari.

Siku zote zile nilizotema vidonge zilikuwa zimekuja kudai.

Nikamshika daktari mkono wa koti. "Ina..." nikasema. "Inaitwa..." Ulimi ukawa mzito kama si wangu. Nikamtazama Firdous anisaidie, nikaona anatazama mkono wangu wa kushoto, ambao ulikuwa umeanza wenyewe, na mimi sikuuamuru.

Sakafu ikapanda. Nikamsikia daktari anaita watu waje. Na juu yake, kwa mbali, sauti ya Firdous, tulivu, ya mtu aliyekwisha kuona mchezo huu asubuhi ile ile:

"Mwacheni huyo. Anaigiza."